Kisigino Kisicho na Kovu

Kigwa,
4 Machi 1973

Mpwa wangu Veneranda,

Salamu ninazokutumia ni nyingi kuliko majani ya tumbaku tuliyotundika kwenye bani la kijiji la kukaushia, na mwaka huu tumetundika mpaka boriti zimeomba msamaha. Hapa tu wazima. Mama Eustace mzima, mbuzi wazima, isipokuwa yule mweupe aliyekula muhtasari wa kamati akaharisha siku mbili. Eustace wetu yuko jeshini, JKT. Ameandika kwamba wanakimbizwa maili tano kila asubuhi. Nimemjibu asinichekeshe. Babu yangu Masolwa alitembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo mara kumi na moja, pembe ya ndovu begani, na safari ya mwisho mwenye mali aliugua njiani, babu akambeba na yeye juu ya pembe. Miguu hiyo ndiyo tuliyorithi sisi.

Barua yako ya Januari nimeipata. Nimeisoma mbele ya kikundi changu cha Mtu ni Afya, kwa maana siku hizi mimi ni kiongozi wa kikundi. Watu kumi na wanne. Tunasikiliza redio, kisha naeleza yale ambayo redio haikuyamaliza. Niliwaambia, mpwa wangu yuko Leipzig, Ujerumani, anasomea udaktari, na kazi yake ni ngozi za watu. Bernardo akauliza, "Zinawambwa?" Nikamtoa nje ya mkutano.

Vyoo tumechimba ishirini na viwili. Sita nimechimba peke yangu, na kimoja kina urefu ambao ukidondosha jiwe asubuhi unaweza kwenda shamba, ukirudi ndipo unalisikia likigonga chini.

Sasa neno dogo. Nataka viatu vya Kijerumani, nimesikia havichakai. Namba tisa. Lakini cha kushoto kiwe namba kumi, kama duka linakubali. Si kwa sababu yoyote.

Mjomba wako,
Damas Masolwa
Kiongozi wa Kikundi


Leipzig,
2 Aprili 1973

Mjomba Damas,

Shikamoo. Mpe Mama Eustace shikamoo yake pia, na umwambie kitenge alichonipa nimekitundika dirishani. Wenzangu wa bwenini huja kukishika. Mimi ni mzima. Theluji imeyeyuka, mitaa imebaki na tope lenye rangi ya majivu ya makaa. Nimepasi mitihani yote ya muhula isipokuwa mmoja wa dawa, ambao nitaurudia Juni.

Nimeulizia viatu. Duka haliuzi cha kulia namba yake na cha kushoto namba yake. Mwuzaji aliniuliza mguu wa kushoto una nini. Sasa nakuuliza wewe.

Tangu Februari niko wodi ya ngozi. Nataka nikueleze kazi yenyewe, utaipenda. Mwalimu wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu, ana kijidarubini chenye taa ndani yake. Mgonjwa akija na doa jeusi mwilini, mzee hudondosha tone la mafuta juu ya doa, kisha hulaza kioo cha kijidarubini hapo hapo kwenye ngozi. Mafuta huifanya ngozi iache kung'aa, na jicho likapita ndani, kama unavyoona kokoto chini ya maji ya kisima yaliyotulia. Hakuna kisu, hakuna sindano, hakuna damu. Madoa mengi ni ya kawaida, mtu huzaliwa nayo na kuzikwa nayo. Machache ni saratani ya ngozi, wao huiita melanoma. Kwa macho matupu madoa ya aina hizi mbili hufanana sana. Kwa kijidarubini hayafanani sana. Wapo madaktari wanaomcheka mzee na kusema chombo chake ni mchezo. Mimi nimeangalia madoa mia moja na arobaini sasa, na sicheki.

Katika vitabu vyao nimesoma kwamba kwa Wazungu ugonjwa huu hupenda mgongo na miguu. Kwa watu weusi, wanaoupata ni wachache, lakini hupenda unyayo.

Mjomba, nilikuja kwako nikiwa na miaka tisa, na kwa miaka mitatu mimi ndiye niliyekutoa funza kwa pini kila Jumapili. Kisigino chako cha kushoto nakijua kuliko uso wangu. Kina kovu la shoka ulilolipata Kaliua ulipokuwa kibarua wa reli. Hakikuwa na kitu kingine. Nenda mjini, upigwe picha ya unyayo huo, unitumie. Viatu vitafuata picha.

Mpwa wako,
Veneranda


Kigwa,
27 Mei 1973

Mpwa wangu Veneranda,

Marahaba, na salamu zangu zimejaa hadi bahasha imegoma kufungika, nimeifunga kwa uji. Mvua imekatika vizuri. Tumbaku imepata daraja la kwanza, na mpimaji aliponiona tu alisema, huyu mzee majani yake hata mizani inayaheshimu. Sasa nimeingia pia kwenye kamati ya kijiji. Mama Eustace anakusalimu, anasema ule vizuri.

Umeandika habari ndefu za mafuta na kioo. Mimi mambo hayo nayajua. Pale Kaliua kulikuwa na fundi Mgiriki aliyeweza kuangalia injini kwa kioo akakuambia itakufa lini. Lakini sawa, kwa kuwa umesoma, nimekutii. Kidoa kipo. Ni cheusi, kidogo kama punje ya ulezi. Tuseme punje ya harage. Nilizaliwa nacho, wewe ulikuwa mtoto, ulitafuta funza, hukutafuta kidoa. Wanaume wote wa kwa Masolwa wanacho, kilitoka kwa babu alipokanyaga makaa ya kambi kule Ugogo, akaendelea kutembea bila kutazama chini.

Nilipanda treni hadi Tabora, nikaenda kwa Popatlal mpiga picha. Duka lilikuwa limejaa. Nikakaa kwenye kiti cha maharusi, mbele ya lile pazia lenye mlima na mto, nikavua kiatu, nikauweka mguu juu ya kistuli. Popatlal akatoka kwenye kitambaa chake cheusi.

"Bwana Damas, uso uko huku juu."

"Uso hauumwi," nikamwambia.

"Kwani mguu unaumwa?"

"Na wenyewe hauumwi. Piga."

Mkewe Dolatbai akaja kuangalia, akasema katika miaka ishirini na mitano hawajawahi kupiga unyayo, na je, nitaweka kwenye fremu? Nikamwambia unakwenda Ulaya kusomwa na maprofesa. Basi watu wote dukani wakasogea kuutazama.

Picha hiyo humu ndani. Itazame mwenyewe. Hakuna kitu! Hata mimi nilishangaa. Kumbe ile ni nta tu ya tumbaku iliyoingia ndani ya ngozi, kwa macho inaonekana, kamera imeikataa. Kamera haina upendeleo. Nimechukua nakala nyingine, nimeionyesha kikundi na kamati, nikawaambia huu ndio unyayo wa mtu wa miaka hamsini na miwili aliyejenga reli. Mama Eustace ambaye alikuwa akinisumbua niende hospitali sasa amenyamaza.

Viatu vyote viwili viwe namba tisa basi. Ingawa kumi kwa kushoto si vibaya.

Mjomba wako,
Damas Masolwa
Kiongozi wa Kikundi na Mjumbe wa Kamati


Leipzig,
1 Julai 1973

Mjomba Damas,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za tumbaku. Mtihani wa dawa nimeurudia na nimepasi. Sasa ni kiangazi, watu wanalala kwenye majani kando ya mto wakitafuta rangi ya jua.

Picha imefika bila kukunjika. Niliiweka chini ya taa, nikaitazama, nikampelekea mzee na yeye aitazame. Aliuliza kama huu ni mguu wa askofu.

Mjomba, kwenye picha hii hakuna doa. Hakuna pia kovu la shoka. Hakuna nyufa za kisigino. Mtu aliyetembea pekupeku tangu utoto ana unyayo kama wa mtoto aliyebatizwa jana. Ama si mguu wako, ama Popatlal ameusafisha. Nakumbuka picha aliyonipiga ya kipaimara changu: nilikuwa na jipu shavuni siku ile, na kwenye picha sina. Mama Eustace aliisifu sana.

Nenda kwake umuulize. Kisha akupige nyingine. Osha mguu, upake mafuta ya karanga kidogo, ufute yanayotiririka. Kaa karibu na mlango, mwanga uingie kwa upande. Asiguse kitu baada ya kupiga. Picha haitaniambia hilo ni doa la aina gani. Kwa hilo anatakiwa mtu mwenye chombo. Itaniambia tu kama tuna muda.

Punje ya ulezi na punje ya harage si ukubwa mmoja.

Mama alikufa ana miaka thelathini na minne. Sisemi zaidi ya hapo.

Mpwa wako,
Veneranda


Kigwa,
16 Septemba 1973

Veneranda,

Salamu. Barua yako ilifika Julai. Nimechelewa kujibu kwa kazi za kamati, maana kuna kaya hamsini zinazohamia kijijini na kila kaya inataka kiwanja karibu na barabara. Nimegawa viwanja vyote kwa hatua za miguu yangu, bila kamba, na bwana ardhi alipokuja kupima hakukuta kosa hata la inchi moja. Mama Eustace mzima. Yule mbuzi mweupe amekufa.

Popatlal ni mtu mwaminifu, nimemjua tangu zama za Mwingereza, siwezi kwenda kumuuliza mbele ya mkewe kama amenidanganya. Kovu halionekani kwa sababu limepona. Miaka ishirini na mitano ni mingi, hata kovu linachoka.

Pia sijapenda mpwa kumwandikia mjomba habari za punje. Nimekulea. Ada ya shule nimelipa kwa tumbaku yangu. Mama yako, Leokadia, dada yangu wa tumbo moja, alikufa kwa homa. Kila mtu Kigwa anajua alikufa kwa homa. Usichanganye mambo.

Natembea vizuri. Jana nimetembea hadi shamba la kijiji na kurudi, kwa fimbo tu.

Viatu usilete kama ni taabu.

Damas Masolwa
Mjumbe wa Kamati


Leipzig,
14 Oktoba 1973

Mjomba Damas,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Majani ya miti huku yamegeuka rangi na kuanguka yote katika wiki moja.

Hujawahi kutembea na fimbo.

Nitakuandikia jambo moja ambalo sijawahi kukuandikia, kisha tutaendelea na mengine. Mwaka 1958 nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao nje ya wodi, hospitali ya mjini. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona daktari akikupa karatasi na kalamu. Nilikuona ukirudisha karatasi, kisha kalamu. Mama aliishi miezi saba baada ya hapo. Hakuwa na homa isipokuwa mwezi wa mwisho. Nilikuwa namfunga kitambaa mguuni kila siku, naufahamu mguu ule pia. Sikukuuliza wakati ule, na sikuulizi sasa.

La pili. Mimi siwezi kuja kabla ya 1975, masharti ya masomo hayaruhusu. Lakini mwenzetu mmoja, Daktari Shilinde, mtu wa Nzega, amemaliza na amepangiwa Tabora. Anasafiri Novemba. Mzee amempa kijidarubini chake cha zamani, kwa mkono wake, na amemfundisha wiki tatu. Nimemwomba Shilinde akutafute. Hatakuja na kisu. Kuangaliwa hakukati.

Mpwa wako,
Veneranda


Tabora,
6 Januari 1974

Mpwa wangu Veneranda,

Pokea salamu za mwaka mpya. Naandika nikiwa mjini kwa binamu yetu Silasi, karibu na stesheni. Mama Eustace yuko nami, anakusalimu, amenikataza kuandika mambo ya kuongeza. Kwa hiyo nitaandika yalivyo.

Shilinde alikuja Kigwa mwenyewe, siku tatu kabla ya Krismasi, kwa treni ya mizigo. Kijana mrefu, mpole, aliponisalimia aliinama nikadhani ameangusha kitu. Nikamwambia, daktari, umepoteza safari, mimi ni mzima kuliko wewe. Akasema, "Najua, mzee. Naomba maji ya kunywa tu na mafuta ya karanga."

Mama Eustace akaleta yote mawili kabla sijafungua mdomo.

Kile chombo si kikubwa. Nilidhani kitakuwa kama cha Mgiriki wa Kaliua. Kimejaa kiganjani. Kwanza hakunishika mimi. Alimwomba Mama Eustace anyooshe mkono, kwenye kile kidoa chake cha kiwiko ambacho amekuwa nacho tangu nimwoe. Tone la mafuta, kioo, taa. Akatazama, kisha akanipa mimi nitazame. Veneranda, niliona! Rangi moja ya kahawia, vimistari vyake vimesukwa kama wavu wa samaki, na pembeni vinafifia polepole hadi vinaisha. "Hiki kimetulia," akasema. "Hiki mwache nacho mama." Mama Eustace akacheka, akasema ameishi miaka thelathini akiwa na kitu kizuri mwilini na hakuna aliyemwambia.

Ndipo nikatoa mguu.

Alitazama muda mrefu. Nikamwuliza, "Daktari, umelala?"

"Naangalia kingo, mzee."

"Zina nini?"

"Hazina mpango."

Hakunipa chombo. Nikakidai, maana nimeonyeshwa cha mke wangu kwa nini nisione changu? Lakini unyayo huwezi kuutazama mwenyewe kwa kioo, utavunja shingo. Basi Mama Eustace ndiye aliyetazama. Akasema upande mmoja ni mweusi tii, upande mwingine ni kahawia, katikati pana rangi ya wino wa bluu, na pembeni kumekatika ghafla, kama ramani iliyochanwa. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kisha akaenda kutazama moto jikoni. Moto ulikuwa unawaka vizuri.

Shilinde akauliza kama kuna picha yoyote ya zamani, apime doa limeongezeka kwa kiasi gani. Nikamwonyesha ile ya Popatlal. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema twende kwake.

Tulikwenda jana. Sikuwa na haja ya kumuuliza mbele ya Dolatbai kwa sababu Dolatbai ndiye aliyejibu. "Alikesha na mguu huo siku mbili," akasema. "Nilimwambia, hata maharusi huwafanyii hivi."

Popatlal hakuona haya hata kidogo. "Kwani wewe ulitaka nitoe picha chafu dukani kwangu? Hakimu namwondolea makunyanzi, bibi harusi namwondolea chunusi. Wewe umesema picha inakwenda Ulaya kwa maprofesa. Nikasema, Bwana Damas asiaibike Ulaya. Nikakuondolea doa, kovu, nyufa zote. Sikukudai hata ahsante."

"Filamu unayo?" Shilinde akauliza.

"Mimi situpi filamu."

Akaitoa kwenye boksi. Ukiiweka mwangani unaona penseli aliyofichia doa, amepaka taratibu, kidogo kidogo, kama mtu anayetia hina. Shilinde akamweleza. Popatlal akachukua pamba, akaitia tapentaini, akaifuta kazi yake yote ya siku mbili. Tukaingia kile chumba cha giza wote watatu. Karatasi nyeupe ikawekwa kwenye beseni la dawa. Kwanza likaja kovu. Zikaja nyufa. Halafu likaja lile.

Akanipiga nyingine papo hapo, kwa mafuta na mwanga wa mlangoni kama ulivyoagiza. Shilinde akaziweka mbili pamoja mezani. Mwezi Mei, kati ya doa na kovu la shoka palikuwa na nafasi ya upana wa kidole. Jana, doa limegusa kovu na kuanza kulipanda. Lile shoka nililisimulia kwako mara mia, nilisema lilikuwa la chuma cha reli, nilisema nilikata mti bila kujua nimekata na mguu. Halikunifaa kitu hata mara moja mpaka jana, lilipogeuka kuwa rula.

Popatlal hakutaka malipo. Alisema picha hizi hataandika jina la duka nyuma yake.

Shilinde anasema ni kukata. Anasema si kisigino peke yake. Nimemwambia nitafikiri.

Mjomba wako,
Damas


Leipzig,
3 Februari 1974

Mjomba,

Shikamoo. Picha mbili zimefika, na barua ya Shilinde. Nilizitazama peke yangu kwanza, kisha na mzee. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena. Alisema Shilinde amejifunza vizuri.

Mtihani wangu ujao ni tarehe kumi na tano. Barafu imeganda mtoni, watoto wanateleza juu yake.

Sitakuambia ufanye nini. Nimeandika na kuchana karatasi nne ambazo zilikuambia. Nakuandikia tu nilichoona: upana wa kidole kimoja, kwa miezi saba na nusu.

Mwambie Popatlal picha yangu ya kipaimara bado ni nzuri.

Veneranda


Tabora,
24 Machi 1974

Mpwa wangu Veneranda,

Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu naandika nimelala chali, na wino hautaki kupanda mlima. Mama Eustace yuko hapa, ameuza mbuzi wawili, anakusalimu. Eustace amepewa ruhusa ya siku nne, amekuja na sare yake, amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Popatlal ameleta machungwa.

Wamekata Jumanne ya tarehe kumi na mbili, chini ya goti. Ningeweza kukuambia kwamba sindano ya usingizi ya kwanza ilipinda na ya pili ikakataa kuingia. Bernardo nimemwambia hivyo. Iliingia ya kwanza, nikalala.

Kabla ya hapo Shilinde alileta karatasi. Alisema nitie sahihi mwenyewe kwa kuwa nina akili zangu. Nilikaa nayo siku moja na nusu, chini ya mto.

Uliandika kwamba huulizi. Mimi nitajibu hivyo hivyo. Mama yako alikuwa na doa chini ya unyayo wa kulia, karibu na kidole kikubwa. Baba yako alikuwa Mwadui kwenye almasi, mimi ndiye kaka, karatasi ikaja kwangu. Daktari alisema akikata mapema huenda. Sikuisikiliza hiyo huenda. Nikasema dada yangu hatatembea na gongo watu wa Kigwa wakimtazama. Nikarudisha karatasi haina kitu, na wewe uliona. Usichoona ni kwamba Leokadia alikuwa macho. Alikuwa kitandani, ametugeukia, anasikia yote. Hakuna aliyemuuliza. Tulipotoka aliniambia tu nikushike mkono, barabarani kuna magari.

Nimesimulia uongo mwingi maishani mwangu, wewe unaujua karibu wote. Ule wa homa ndio pekee niliousimulia miaka kumi na sita bila kuongeza chumvi hata chembe.

Safari hii nimetia sahihi. Jina lote, Damas Masolwa, kwa herufi za kuunganisha. Shilinde aliusifu mwandiko wangu. Hakuusifu. Aliichukua karatasi akaenda.

Ameshika kinena changu kwa vidole kuona kama ugonjwa umepanda, hajapata uvimbe. Anasema tungoje miezi, kisha tungoje mingine. Nilimuuliza, ningekuja Mei mwaka jana, angekata kidogo tu? Akasema hajui. Nadhani anajua.

Kikundi cha Mtu ni Afya kimechagua kiongozi mwingine kwa muda. Ni Bernardo. Shilinde ameahidi kwenda Kigwa na kile chombo kuwatazama nyayo wote, na nimemwambia Mama Eustace atangulie na kiwiko chake ili wajue hakikati.

Habari ya viatu. Sasa duka halitakuwa na taabu nawe. Cha kulia, namba tisa.

Mjomba wako,
Damas